Kati ya Shakib na Bangladesh, nani anamdai mwenzake?

Oktoba 2024 Shakib Al Hasan, mchezaji kriketi mkubwa wa Bangladesh, alikuwa njiani kurudi nyumbani. Alikuwa ametoka Marekani na kufika Dubai, na kilichobaki ni saa chache tu za ndege hadi Dhaka. Jina lake lilishatangazwa katika kikosi cha Bangladesh cha kucheza na Afrika Kusini kwenye uwanja wa Sher-e-Bangla, Mirpur, na mwenyewe alishaomba mechi hiyo iwe ya kuagia mechi za siku tano, zile za Test. Hakufika. Wakubwa wa nyumbani walimshauri asiendelee na safari kwa ajili ya usalama wake, akageuza. Nje ya uwanja, vijana waliokuwa wakimkataa na vijana waliokuwa wakimtaka walifikia kushikana mashati.

Hivyo mchezaji mwenye mikimbio 14,730 (ndiyo pointi za mpigaji) na wiketi 712 (ndio wapigaji aliowatoa kwa kurusha mpira) katika mechi 447 za kimataifa alikosa hata jioni moja ya kupungiwa mikono na watu wake. Hakuna mwingine katika historia ya kriketi aliyevuka mikimbio 14,000 na wiketi 700 kwa pamoja.

Tangu hapo mjadala haujatulia. Wako wanaosema nchi imemlipa mtoto wake jeuri kwa wema. Wako wanaosema aliyeanza kuvunja kikombe ni yeye, basi asilalamike chai ikimwagika. Nimemfuatilia kwa miaka mingi na ninampenda kama mchezaji. Nalisema mapema ili msomaji ajue naegemea wapi. Lakini mapenzi hayo hayajanifumba macho, na kuna mahali nadhani wanaomlaumu wana haki kuliko tunaomtetea.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia mchezaji wa namna gani. Kwenye soka tuna neno kiraka: leo beki wa kulia, kesho kiungo, popote palipotoboka anabandikwa. Ni rahisi kudhani ol-raunda wa kriketi ndiye huyo huyo. Sivyo. Kiraka huziba pengo la mtu mwingine. Ol-raunda wa kweli ni yule ambaye ukimnyang'anya gongo atabaki kwenye timu kwa kurusha mpira, na ukimnyang'anya mpira atabaki kwa kupiga. Timu yenye mtu kama huyo huingia uwanjani na wachezaji kumi na mmoja, lakini kwa hesabu ya kazi wako kumi na wawili. Dunia nzima huwapata wachache sana katika kizazi kimoja, na mara nyingi mmoja kati ya stadi hizo mbili hupungua makali mapema.

Shakib alidumu nazo zote mbili kwa miaka 18. Anapiga kwa mkono wa kushoto, anarusha kwa mkono wa kushoto. Ukimtazama akirusha hutaona mbwembwe: hatua chache tu, mkono unapita, mpira unatua. Mmoja unageuka na kumkimbia mpigaji. Unaofuata unatoka kwenye mkono ule ule, kwa kasi ile ile, halafu haugeuki. Unanyooka tu, na mpigaji aliyejiandaa kwa mpira unaogeuka anasikia vijiti vikilia nyuma yake. Wengi wamepoteza wiketi zao kwa mpira huo usiofanya lolote.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hadithi yake ina mlango wa kuingilia ambao watu wa kwingine hawana. Aprili 1997, huko Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh zilicheza fainali ya ICC Trophy, mashindano ya nchi zisizokuwa na hadhi ya Test. Steve Tikolo wa Kenya alipiga mikimbio 147, mvua ikaingilia, Bangladesh wakapewa lengo la mikimbio 166 katika ova 25 (ova moja ni mipira sita), nao wakaufikia ushindi kwenye mpira wa mwisho kabisa. Mwaka uliofuata, Mei 1998, ushindi wa kwanza wa Bangladesh katika mechi za kimataifa za ova 50 ulipatikana Hyderabad, na waliofungwa walikuwa Kenya. Mwaka 2000 Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza Test. Kenya hawakupewa, ingawa Kombe la Dunia la 2003 waliwafunga Bangladesh mjini Johannesburg na kufika nusu fainali. Wale waliokuwa wakikimbia bega kwa bega wakaachana hapo. Mmoja alipata ratiba, fedha za matangazo ya televisheni na ziara za vigogo. Mwingine akabaki na kumbukumbu.

Nayataja haya kwa sababu yanahusu deni tunalolizungumzia. Shakib, aliyezaliwa Magura mwaka 1987, alikulia katika nyumba ya watu wa soka na kuanza kriketi kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa mkanda wa plastiki. Kilichomtoa huko ni BKSP, shule ya michezo ya serikali iliyoko Savar, nje kidogo ya Dhaka. Humo vijana hulala, husoma na hufundishwa mchezo kwa gharama ambayo familia ya Magura peke yake isingeiweza. Mushfiqur Rahim, aliyekuja kuwa mwenzake wa karibu uwanjani, alipita shule hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaosema taifa lilimjenga hawasemi uongo. Kipaji kama chake kingeweza kuzaliwa Nairobi au Mombasa na kisijulikane kamwe nje ya mtaa, kwa kukosa tu shule ya namna ile na mechi za kutosha.

Alianza kuichezea timu ya taifa Agosti 2006, Harare, dhidi ya Zimbabwe. Mei 2007 akacheza Test ya kwanza. Bangladesh ya wakati ule ilikuwa timu ambayo wageni waliihesabu kama mapumziko. Kushindwa kulikuwa desturi, na kushindwa kwa tofauti ndogo kulipigiwa makofi. Oktoba 2008 Chittagong, akiwa na miaka 21, aliangusha wiketi 7 za New Zealand kwa mikimbio 36. Mwezi uliofuata alikwenda Afrika Kusini, kwenye viwanja vya warushaji wa kasi, ambako mzungushaji, yaani mrushaji wa mipira ya kugeuka kama yeye, huonewa huruma, akachukua wiketi 5 Bloemfontein na 6 Centurion. Mwaka 2009 nahodha Mashrafe Mortaza aliumia West Indies, Shakib akashika usukani na Bangladesh ikashinda mfululizo wake wa kwanza wa Test ugenini. Ni kweli kwamba West Indies walikuwa wamegomewa na nyota wao kwa mgogoro wa mikataba. Lakini timu dhaifu iliyosimama mbele yako bado lazima uifunge, na Bangladesh kabla ya hapo walikuwa hawajaweza hata hilo ugenini.

Mwaka huo huo wa 2009 alipanda hadi namba moja duniani kati ya ol-raunda wa ova 50. Mwaka 2015 akawa wa kwanza kushika namba moja katika aina zote tatu za mchezo kwa wakati mmoja.

Wanaompunguza wana hoja zao, na si za kubeza. Wanasema wastani wake wa kupiga katika Test, yaani mikimbio kwa kila anapotolewa, ni 37 na ushee, wakati Jacques Kallis wa Afrika Kusini alimaliza na zaidi ya 55 na Garry Sobers wa West Indies zaidi ya 57. Wanasema wiketi zake nyingi amezipata nyumbani, kwenye viwanja vikavu vya Mirpur na Chittagong vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Wanasema hakuwahi kuinua kombe kubwa. Machi 2012 fainali ya Kombe la Asia ilipotea kwa mikimbio miwili tu mbele ya Pakistan, na picha iliyobaki ni ya Mushfiqur akilia kifuani mwa Shakib, na Shakib mwenyewe macho yamejaa machozi. Alikuwa mchezaji bora wa mashindano hayo, lakini kombe lilikwenda kwingine.

Hoja ya wastani naikubali nusu. Kallis na Sobers walikuwa wapigaji wakubwa kwanza, kisha warushaji. Mtu wa kulinganisha na Shakib ni Imran Khan wa Pakistan au Ian Botham wa Uingereza, na hapo anasimama bila aibu. Novemba 2014 Khulna, dhidi ya Zimbabwe, alipiga mikimbio 137 na kuangusha wiketi 10 katika mechi moja ya Test. Kabla yake waliofanya hivyo walikuwa wawili tu, hao hao Botham na Imran. Alifikisha mikimbio 3,000 na wiketi 200 ndani ya mechi 54, moja pungufu ya Botham. Na wastani wake wa 37 ni wa mtu aliyecheza Test 71 tu ndani ya miaka 17, kwa sababu vigogo hawakupenda kuialika Bangladesh. Kallis alicheza 166.

Hoja ya viwanja vya nyumbani inajibiwa na Bloemfontein na Centurion, na inajibiwa tena na Wellington. Januari 2017, kwenye baridi na upepo wa mji ule, alipiga mikimbio 217, yeye na Mushfiqur wakajenga ushirikiano wa mikimbio 359. Bangladesh wakasimamisha upigaji wao kwa hiari wakiwa na mikimbio 595, kisha wakapoteza mechi. Nadhani hakuna mechi inayoeleza maisha yake vizuri kuliko ile: mtu anapiga mikimbio mia mbili ugenini, na anapanda basi akiwa ameshindwa.

Kuna ushindi pia, tusije tukamfanya mtu wa misiba. Agosti 2017 Australia walifika Mirpur. Shakib alipiga 84, akachukua wiketi 5 kwenye zamu ya kwanza ya Australia kupiga na 5 tena kwenye ya pili, Bangladesh wakashinda kwa mikimbio 20, mara yao ya kwanza kuifunga Australia katika Test. Miezi miwili kabla yake, Cardiff, kwenye mashindano ya Champions Trophy, Bangladesh walikuwa wamepoteza wiketi nne kwa mikimbio 33 tu dhidi ya New Zealand. Yeye na Mahmudullah wakaongeza 224, kila mmoja akipita mia. Ukiwa na timu iliyolemewa namna ile, mtu wa kawaida hupiga kwa nguvu akijitafutia sifa au hujikunyata akisubiri kufa. Wale wawili walikusanya mkimbio mmoja mmoja, wakipokezana, hadi New Zealand wakaishiwa mawazo.

Halafu 2019. Kabla ya Kombe la Dunia alikuwa India kwenye ligi ya IPL akisugua benchi. Badala ya kununa alimwita kocha wake wa siku nyingi kutoka Bangladesh aje amnoe huko huko, akapunguza mwili, akaomba apige namba tatu, nafasi ambayo wengi waliona si yake. Huko Uingereza alifanya kile ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kwenye Kombe la Dunia: mikimbio 606 na wiketi 11 katika mashindano hayo hayo. Mikimbio 121 dhidi ya wenyeji, 124 bila kutolewa dhidi ya West Indies, wiketi 5 dhidi ya Afghanistan. Bangladesh walimaliza nafasi ya nane kati ya timu kumi. Anayesema Bangladesh inamdai Shakib aanze kwa kueleza hapo: mtu mmoja atoe nini zaidi ya hicho?

Miezi minne baadaye tulipigwa na butwaa. Oktoba 29, 2019, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilimfungia miaka miwili, mmoja kati ya hiyo ukiwa wa masharti. Kosa lake lilikuwa kutotoa taarifa. Mara tatu mwaka 2018 alifuatwa na mtu wa kamari akitaka habari za ndani ya timu, na mara zote tatu alinyamaza. Hakuuza mechi, na hakuna aliyemshtaki kwa hilo. Yeye mwenyewe alikiri.

Siku nane tu kabla ya adhabu hiyo alikuwa ameongoza mgomo wa wachezaji wakidai malipo bora, hasa kwa wale wa ligi za ndani. Mashabiki wengi wa Dhaka waliunganisha mambo hayo mawili wakaona njama. Mimi siioni. Wachunguzi wa ICC walishamhoji mapema mwaka huo, kabla hata mgomo haujafikiriwa, na mtu hakiri kosa ambalo hakulifanya mbele ya ushahidi wa ujumbe wake mwenyewe wa simu. Wanaomtetea husema kunyamaza si wizi. Ni sawa, lakini sisi tuliomwona Maurice Odumbe wa Kenya akifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa ukaribu na watu wa kamari tunajua jambo hili lina mzizi wa namna gani. Naye alikuwa ol-raunda, naye alikuwa shujaa. Siku ile Johannesburg walipowafunga Bangladesh yeye ndiye aliyewamaliza kwa gongo na kwa mpira. Kosa la Odumbe na la Shakib hayafanani kwa uzito. Yanafanana mahali pamoja: mtu wa kamari humwendea yule ambaye wadogo wote humwangalia. Kijana wa miaka 19 akijua kwamba Shakib alipokea ujumbe kama ule akauacha upite, naye atauacha upite. Kwa hiyo adhabu ile naiona ilikuwa ya haki, hata kama iliniuma.

Kuhusu hasira zake siumizi kichwa sana. Juni 2021, kwenye mechi ya ligi ya Dhaka kati ya Mohammedan na Abahani, mwamuzi alimkatalia rufaa dhidi ya Mushfiqur, akavipiga vijiti teke. Muda mfupi baadaye waamuzi waliposimamisha mchezo kwa mvua, aliving'oa vijiti vyote vitatu na kuvibwaga chini mbele yao. Ni aibu, alifungiwa mechi tatu, aliomba radhi. Lakini waulize watu wa Dhaka kuhusu uamuzi katika ligi yao: malalamiko ya upendeleo yalikuwapo miaka mingi kabla ya teke lile. Teke halikuwa dawa, ila ugonjwa ulikuwapo.

Kinachonisumbua zaidi ni Delhi, Novemba 6, 2023. Angelo Mathews wa Sri Lanka aliingia kupiga, akasimama, akakaza kamba ya kofia yake, kamba ikakatika. Akaomba kofia nyingine. Kanuni za Kombe la Dunia zilimpa mpigaji mpya dakika mbili kuwa tayari kwa mpira, na dakika hizo zilikuwa zimekwisha. Shakib, nahodha, akawaendea waamuzi na kudai wiketi kwa kuchelewa. Waamuzi wakataka kujua kama amekusudia kweli. Amekusudia. Mathews akamwendea akimwonyesha kamba iliyokatika mkononi, akimsihi. Shakib akamwelekeza kwa waamuzi. Mathews akatoka, wa kwanza katika historia ya mechi za kimataifa kutolewa kwa namna hiyo. Baadaye Shakib alipiga 82, na aliyemtoa alikuwa Mathews huyo huyo, ambaye alimwaga kwa kugonga kifundo cha mkono wake pale inapokaa saa. Bangladesh walishinda. Mwisho wa mechi Shakib alisema alijiona yuko vitani na alifanya alichopaswa kufanya ili timu yake ishinde.

Kwa sheria hakukosea. Watu wa mataifa makubwa walimzomea wakitaja roho ya mchezo, roho ambayo wao huikumbuka inapowafaa. Hata hivyo najiuliza kama mtu wa Magura aliyekulia akiuchezea mpira wa mkanda wa plastiki angependa wiketi ya namna ile. Nadhani hapo ndipo alipojidhihirisha. Shakib ni mtu wa hesabu. Ukimwonyesha kanuni ataisoma hadi mwisho, atapata faida iliyomo, ataichukua, na hatajali anaonekanaje. Tabia hiyo ndiyo iliyompa zile wiketi za mpira usiogeuka, kwa sababu alijua mpigaji anasubiri nini. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya achague ziara za kucheza na za kukaa nje. Mara kadhaa aliomba likizo ya Test huku mikataba ya ligi na matangazo ya biashara ikiendelea. Januari 2022 Bangladesh walipata ushindi mtamu kuliko wote ugenini, wa Test dhidi ya New Zealand kule Mount Maunganui, naye hakuwamo. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuwa na familia. Siwezi kumlaumu mtu kwa kukaa na watoto wake. Lakini vijana waliobaki walijifunza kitu siku ile, kwamba wanaweza.

Sasa siasa. Januari 7, 2024 alichaguliwa mbunge wa Magura kwa tiketi ya Awami League, katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani kiliususia. Hakuwa wa kwanza. Mashrafe alishakuwa mbunge wa chama hicho tangu mwisho wa 2018, na aliongoza timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la 2019 akiwa na kiti bungeni. Chama tawala kilijua thamani ya jezi ile. Wanaomtetea Shakib wana hoja hapo: njia ilikuwa imeshachongwa, na kijana wa Magura kutaka kuwatumikia watu wa Magura si dhambi.

Kisha vikaja Julai na Agosti. Wanafunzi waliingia barabarani kupinga mgawo wa ajira serikalini, vyombo vya dola vikawafyatulia risasi. Umoja wa Mataifa ulikuja kukadiria kwamba huenda watu 1,400 waliuawa. Agosti 5 waziri mkuu Sheikh Hasina alikimbilia India. Shakib alikuwa Kanada akicheza ligi ya huko. Katika siku ambazo vijana waliovaa jezi zenye jina lake mgongoni walikuwa wakizikwa, mbunge huyu hakusema neno. Picha zilizosambaa ni za matembezi ya familia.

Hili ndilo deni lake, na ndipo ninapowaacha watetezi wenzangu. Wanasema mchezaji asihukumiwe kwa siasa, uwanja ni uwanja. Ukuta huo kati ya uwanja na siasa ningeulinda kwa nguvu zangu zote, lakini aliyeubomoa ni yeye, siku alipoomba kura kwa sura iliyojulikana kwa sababu ya uwanja. Huwezi kuutumia umaarufu wa jezi kuingia bungeni, kisha watu wakikuuliza kama mbunge ujifunike jezi. Oktoba 2024 aliandika kuomba radhi kwa ukimya wake. Naamini alimaanisha. Ilikuja miezi miwili baada ya mazishi, na siku chache kabla ya mechi aliyotaka kuichezea Mirpur.

Wanaomlaani nao wamevuka mpaka. Agosti 2024 jina lake liliingizwa pamoja na la watu wengine wengi kwenye kesi ya mauaji ya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, wakati dunia nzima ilikuwa ikimwona akicheza kriketi bara jingine. Kesi ya namna hiyo haimtendei haki hata marehemu, kwa sababu aliyefyatua risasi anapata pa kujificha nyuma ya jina kubwa. Akiwa na kesi hiyo kichwani, Shakib alicheza Rawalpindi, Bangladesh wakaifunga Pakistan Test mbili kwa bila, mara yao ya kwanza kushinda mfululizo wa Test dhidi ya Pakistan. Mikimbio ya ushindi ilipopatikana waliokuwa uwanjani ni yeye na Mushfiqur. Hakuna aliyemkataa siku ile. Kwa hiyo alifaa kushangiliwa akiwa Rawalpindi, ila hakufaa kuagwa akiwa Mirpur. Serikali ingeweza kumlinda kwa siku tano na kuziacha mahakama zifanye kazi yake siku ya sita. Kumzuia Dubai hakukumpa haki mama yeyote aliyefiwa na mwanawe.

Hata mkono wake ulimgeuka mwaka huo. Septemba, akiichezea klabu ya Surrey ya Uingereza mjini Taunton, aliangusha wiketi 9, na waamuzi wakaripoti kwamba anaukunjua mkono kupita kiasi. Vipimo vya Loughborough vilithibitisha, akazuiwa kurusha, akafeli tena, na hakusafishwa hadi Machi 2025. Alikuja kukiri mwenyewe kwamba kwa uchovu wa kurusha ova nyingi alifanya kidogo makusudi. Kwenye mazungumzo ya wazi anaweza kukwambia jambo ambalo wengine wangekwenda nalo kaburini, na sifa hiyo ingewafaa sana watu wa nchi yake Julai ile.

Baada ya Test ya Kanpur dhidi ya India, iliyomalizika Oktoba 1, 2024, mlango ulifungwa. Pale Mirpur, kwenye mechi aliyoitamani, Afrika Kusini walishinda kwa wiketi saba. Lakini Taijul Islam, mzungushaji wa mkono wa kushoto aliyeishi miaka kumi kwenye kivuli cha Shakib, aliangusha wiketi 5 kwenye zamu ya kwanza ya wapigaji wa Afrika Kusini na kufikisha 200 za Test. Novemba 2025, uwanja ule ule, Taijul aliipita idadi ya Shakib ya 246 akawa mwenye wiketi nyingi kuliko Mbangladeshi yeyote katika Test. Mechi hiyo ilikuwa ya 100 kwa Mushfiqur, wa kwanza wa nchi yake kufika huko, na alipiga mikimbio 106 huku majukwaa yakiimba jina lake. Yule mwenzake wa Wellington na Rawalpindi, aliyesoma naye Savar, alibaki na Test 71.